Karatasi Iliyolambwa na Mbuzi

Juu ya mlango wa kibanda cha kinyozi mmoja pameandikwa KWA SIFURI kwa rangi nyekundu, na chini ya maandishi kimechorwa kichwa cha mtu aliyenyolewa nusu, kwa sababu mchoraji aliishiwa rangi nyeusi, akasema atarudi kesho, na kesho hiyo haijafika mpaka leo. Wateja wageni hudhani jina linahusu mtindo wa kunyoa. Kinyozi huwaacha wadhani. Wenyeji wa mtaa hawana haja ya kudhani. Wanajua kwamba alipokuwa kijana wa sekondari alifanya mtihani wa mwisho akapata sifuri, na sifuri hiyo ikamganda, mpaka jina alilopewa na baba yake likabaki la vyeti na hospitali tu.

Enzi hizo matokeo ya mtihani yalikuwa mali ya watu wote. Karatasi ililetwa na gari la posta. Mwalimu mkuu aliifungua mbele ya wenzake, akaipaka uji mzito wa unga kwa nyuma, maana gundi ya dukani ilikuwa anasa, akaibandika kwenye ukuta wa nje wa ofisi, usawa wa macho. Mtaa mzima ulikuja kusoma, na asiyejua kusoma alisomewa. Aliyefaulu alibebwa juu juu. Aliyeanguka alisindikizwa kwao na wenzake wawili watatu, hakuachwa aende peke yake, na mama yake alikwisha kupata habari kabla hajafika mlangoni. Ilikuwa aibu, lakini aibu ya mchana, yenye watu. Siku hizi matokeo huingia kwenye simu. Kila mtoto anafeli peke yake chumbani, mlango umefungwa, na jirani wa ukuta mmoja hana habari. Akija kujua, kijana amekwisha kuhama mji.

Kwenye karatasi ile jina lake lilikuwa la mwisho. Hakuugua siku ya mtihani, wala hakufiwa. Hakusoma, basi. Mwaka mzima alikuwa nyuma ya duka la mkaa akicheza drafti, na kwa drafti hakuwa na mpinzani. Siku chache baadaye mbuzi wa jirani waligundua kwamba ukuta una uji. Wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakaanza kulamba kutoka chini, na jina lake ndilo lililotangulia kwenda na maji ya kinywa. Watoto wa shule walishika mbavu wakisema hata mbuzi anajua pa kuanzia. Kabla ya jua kuzama karatasi yote ilikuwa tumboni mwa mbuzi. Jina likabaki duniani.

Aliingia kazi ya kunyoa kwa mjomba wake, akarithi kiti, kioo na wateja. Alipofungua kibanda chake mwenyewe mchoraji alimuuliza aandike nini, naye akasema andika wanavyoniita, kwani nikiandika jingine nani atanijua? Hapo ndipo utani ulipokwisha makali. Mtu huwezi kumtupia jiwe ambalo yeye mwenyewe amelijengea nyumba.

Kazi ya kinyozi ina nafasi nyingi za kusubiri. Alisoma magazeti, kisha vitabu ambavyo wateja walivisahau, kisha vitabu alivyovitafuta mwenyewe. Hakutaka kuwa profesa. Alitaka kusoma historia, masomo ya jioni, kwa sababu miaka yote ile kila mteja aliketi kwenye kiti na historia yake, huyu akisema hivi na yule akiapa vile, naye yuko katikati, wembe mkononi, hajui wa kumkata. Watoto wake walipokwisha kuoa na kuolewa, alijiandikisha kwa mtihani uleule kama mtahiniwa wa nje. Akaketi ukumbini kati ya vijana walioweza kuwa wajukuu zake. Mmoja alimpa kitabu cha majibu amkusanyie, akidhani ni msimamizi. Akafaulu, si kwa kishindo, lakini kwa alama zilizotosha chuo kikuu.

Ombi la kuingia chuoni lilijazwa kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, mali ya binti wa dada yake. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya nakala iliyopigwa kofi kila ilipogoma, na feni iliyopeperusha kila karatasi isiyowekewa jiwe. Binti alisoma maswali, mjomba akajibu, vidole vikakimbia. Mbio ziliishia kwenye swali la tisa: Umewahi kufanya mtihani huu kabla ya sasa? Kama ndiyo, taja mwaka na matokeo yote, yakiwemo uliyofeli.

"Hapa tunaweka la," binti akasema.

"Niliufanya, mama."

"Nani anajua?"

Sifuri akamtazama. "Nani asiyejua?"

"Nasema huko chuoni, mjomba. Nimetafuta matokeo ya mwaka wako kwenye mtandao. Hakuna. Yanaanzia mwaka niliozaliwa mimi. Wewe uko nyuma ya gharika."

"Niko nyuma ya mbuzi."

"Basi mbuzi wamekufanyia wema, usiwakatalie. Waombaji ni wengi kama siafu. Ukiandika sifuri watakuweka chini ya rundo, na chini ya rundo hakuna anayefika. Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," Sifuri akamalizia, maana methali ukianzishiwa huwezi kuiacha njiani.

"Haya, nimeganga," binti akasema, akabonyeza.

Penye mahali pa kazi aliandika tu kwamba ni kinyozi aliyejiajiri. Jina la kibanda akaliruka, na mjomba aliona akiliruka. Mwisho palikuwa na mstari wa kuthibitisha kwamba yote yaliyojazwa ni kweli. Sifuri aliushika mshipi wa suruali kama mtu anayepanda ngazi mbovu, akatia sahihi.

Fomu ilidai pia mdhamini, mtu wa kumsemea mwombaji. Hapo hapakuwa na wa kufikiria zaidi ya Mwalimu Mkuu. Alikwisha kustaafu zamani, lakini mtaa haujui kustaafisha vyeo. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kunyolewa ndevu, na sikio lake la kushoto lilikuwa limefunga ofisi, kwa hiyo kila alichosema alikisema kama anahutubia paredi. Ndiye aliyepika uji ule na kubandika karatasi ile. Tangu kibanda kifunguliwe hakuwahi kunyolewa kwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesikia umenitaja chuo kikuu."

"Nimekuomba unisemee wakipiga simu."

"Nitasema ninalolijua. Zaidi ya hilo sina."

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiligusana na cha Sifuri na aliyesikiliza kila neno kupitia mbao, akachomeka kichwa mlangoni. "Mwalimu, waambie pia ananyoa vibaya, wasije wakamfungulia saluni huko."

"Na wewe waambie viatu ulivyonishonea mwaka jana vinacheka vidole vikionekana," Sifuri akajibu.

"Hivyo si viatu, ni miguu yako. Mguu wa kuazima hauna kipimo."

Wakacheka. Sifuri alikuwa na nia ya kumwambia Mwalimu Mkuu habari ya swali la tisa. Wembe ulikuwa kooni pa mzee, fundi viatu alikuwa mlangoni, na jambo lenyewe lilikuwa la kusema mkiwa wawili. Akalisogeza hadi Jumamosi nyingine. Jumamosi nyingine akalisogeza tena. Uongo ni kama nywele: ukiuacha wiki moja unaona ni mdogo.

Chuo kikamwita kuhojiwa. Watu wazima waliokaa nje ya shule muda mrefu waliitwa wote, ndio utaratibu. Alivaa koti la harusi ya mwanawe wa kwanza. Mkewe alilipiga pasi, akamwambia neno moja tu: "Baba watoto, wakikuuliza jibu kwa kifupi. Hapo si kibandani."

Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki na pazia lililong'oka ndoano tatu. Nyuma ya meza walikaa wawili: mama mtu mzima mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, ndiye mwenyekiti, na kijana wa kuandika kwenye kompyuta. Walimuuliza kwa nini historia. Akaeleza habari ya kiti chake na wateja wanaobishana, na mama yule akatabasamu. Walimuuliza atasoma saa ngapi. Akaeleza. Mambo yalikuwa yakienda kama maji kwenye mfereji.

"Vizuri sana, mzee," mwenyekiti akasema. "Tunampigia mdhamini wako, ndiyo kawaida yetu, kisha tunamaliza." Akaiweka simu katikati ya meza, sauti wazi.

"Haloo! Nani?" Chumba kizima kikajaa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, tunapiga kutoka chuo kikuu. Umetajwa kuwa mdhamini wa bwana mmoja." Akayataja majina yote matatu, kama yalivyokuwa kwenye cheti.

"Simjui."

Mwenyekiti akamtazama Sifuri. "Anasema mnafahamiana miaka mingi."

"Mama, nimefundisha watoto wa watu wengi, lakini huyo simjui. Siku hizi matapeli wamezidi. Mwambieni asitumie namba yangu."

Sifuri akainamia simu. "Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nani?"

Hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. "Sifuri."

"Aaa, Sifuri! Sasa mbona hamsemi? Mnaniletea majina ya serikalini."

Kijana wa kompyuta alijificha nyuma ya kioo cha mashine yake, mabega yakimtikisika. Mwenyekiti aliishusha miwani kutoka kichwani hadi machoni.

"Kwa nini anaitwa Sifuri, Mwalimu?"

"Kwa sababu alipata sifuri. Masomo yote, safi, bila doa. Mimi mwenyewe ndiye niliyembandika ukutani. Sikiliza, mama. Nimewabandika wengi pale, na walioanguka karibu wote walihama, au walikwenda kusema kwingine kwamba hawakuwahi kusoma. Huyu alibaki. Akaandika juu ya mlango wake, kwa rangi nyekundu. Kwa akili si mwepesi sana, sitawadanganya. Lakini mtu aliyeandika kuanguka kwake juu ya mlango hana cha kukuficha. Hilo ndilo ninalomdhamini."

"Ahsante, Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, akakata simu.

Pazia lilipepea, likatulia. Mwenyekiti alifungua ukurasa wa fomu, ingawa ilionekana alikwisha kuukumbuka. "Swali la tisa, mzee, umejaza la."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikujazia?"

"Sahihi ni yangu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani hamtanichukua."

Akavua miwani kabisa, akaiweka juu ya karatasi. "Walioanguka tunawachukua kila mwaka. Tunauliza ili tujue mtu ametoka wapi. Ungeandika sifuri yako hapa, tungekwisha kumaliza, na ungekwenda kununua madaftari. Lakini aliyejaza uongo ombi lake linafungwa. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili yako, na siwezi kuifuta kwa ajili yako."

"Na mwakani?"

"Mwakani ni ombi jipya."

Akashukuru, akatoka. Kwenye ngazi alikutana na mwombaji aliyefuata, msichana aliyekuwa akisoma majibu yake kwenye kiganja, akampisha.

Jumamosi Mwalimu Mkuu aliingia kibandani kifua mbele, hajakaa hajapumua.

"Nimekusemea! Wamekwambia nilivyokusemea?"

Fundi viatu hakuchomeka kichwa siku hiyo. Kupitia mbao ilisikika nyundo yake ikisimama.

"Nilikusikia, Mwalimu. Nilikuwepo." Sifuri akakung'uta taulo ambalo halikuwa na nywele. "Wamenikataa. Kwenye fomu nilijaza kwamba sikuwahi kuufanya ule mtihani."

Mwalimu Mkuu, sasa ameketi kitini, alimtazama kwenye kioo, si usoni. "Ulijaza lini?"

"Kabla sijakuomba."

"Kwa hiyo nilipokuwa nasema huna cha kuficha, karatasi ilikuwa mbele yao."

"Ilikuwa mbele yao."

Mzee akainuka na ndevu zake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu mmoja kusema na mtu mmoja. "Umenisemesha uongo, mwanangu, na mvi hizi. Hata ulipopata sifuri hukunifanyia hivi." Akachukua fimbo yake.

Jumamosi iliyofuata alionekana akiingia saluni mpya ng'ambo ya barabara, yenye vigae sakafuni, viti vya kuzunguka na muziki wa kupasua ngoma za masikio. Huko vijana hunyoa huku wanatazama simu, na mteja haulizwi hata ameamkaje. Fundi viatu alisema huenda mzee amechagua pale kwa kuwa sikio lake ndilo peke yake linaloweza kuhimili. Sifuri hakucheka. Alikuwa amepoteza chuo, na chuo kingengoja mwaka. Kidevu kile cha mzee hakikuwa na mwakani ya kuhesabia.

Binti wa dada yake alikuja kuomba radhi, na machozi. "Mimi ndiye niliyebonyeza, mjomba."

"Ulibonyeza wewe, nikaweka sahihi mimi. Mashine haina uso wa kuona haya."

Mwaka ulipozunguka, maombi yalipofunguliwa, alirudi kwenye duka la kuchapa, akaketi palepale chini ya feni. Alikuwa ameandaa jibu lake kwenye kipande cha karatasi: mwaka, shule, masomo yote na sifuri zake moja baada ya nyingine. Binti akapita swali la saba, la nane, la tisa. Akasimama. Akarudi nyuma, akasonga mbele.

"Mjomba, wameliondoa."

"Wameondoa nini?"

"Swali. Mwaka huu hawaulizi. Wanataka cheti ulichofaulu nacho, basi."

Sifuri akainama asome mwenyewe. Kweli halikuwepo. Mahali pake paliulizwa kama anatumia mtandao nyumbani. Ndivyo dunia ilivyo sasa: ukichelewa kidogo kusema kweli unakuta hakuna tena anayeitaka.

"Hakuna mahali pa kuandika mengineyo?"

"Papo hapa chini, lakini si lazima. Watu huacha wazi."

"Andika."

"Mjomba, hawajauliza."

"Mama, andika. Na mahali pa kazi weka jina la kibanda."

Akaandika. Ilipofika kwa mdhamini, Sifuri alimwambia aache kwanza, akaenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu na mfuko wenye wembe, sabuni na taulo. Mzee alikuwa barazani. Kidevu chake kilikuwa na mikato miwili mibichi, kazi ya saluni ya vigae.

"Shikamoo."

Mzee aliutazama mfuko kwanza. "Marahaba."

Akampa nakala ya fomu. Mzee aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika chini. "Hili hawakukuuliza."

"Hawakuniuliza."

"Mbona umeandika?"

"Ulikwisha kuwaambia mwaka jana. Sikutaka uwe umesema peke yako."

Mzee akaikunja karatasi vizuri, kunjo kwa kunjo. Kisha akarudisha kichwa nyuma, akatoa koo. "Nyoa basi. Na safari hii waambie wamwulize Sifuri, nisihangaike."

Alichaguliwa. Habari iliingia kwenye simu akiwa anampaka mteja pauda shingoni, mstari mmoja wa maandishi, hauna mhuri wala sahihi ya mtu. Aliusoma, akairudisha simu mfukoni, akamalizia shingo. Fundi viatu ndiye aliyetangaza mtaani, kwa kuwa alikuwa akichungulia kwenye tundu la mbao.

Mwalimu Mkuu hakuridhika. Alisema matokeo yaliyo mfukoni si matokeo. Akamwagiza Sifuri aunakili ujumbe ule kwa herufi kubwa, kwenye karatasi nzima, jina la cheti juu na jina analoitwa mtaani chini yake. Mke wa Sifuri akapika uji wa unga, mzito. Mzee akaupaka mwenyewe, polepole, hadi kwenye pembe, akaibandika karatasi kwenye ukuta wa nje wa kibanda, usawa wa macho. Watu wanne walisimama kusoma. Zamani wangekuwa mia. Wengine walipita, vichwa vimeinamia simu zao.

Karatasi ilikaa pale masika yote na kiangazi chote. Herufi zilififia, rangi ikawa ya chai. Wino ulikwenda na jua, kwa sababu siku hizi mjini hakuna mbuzi.